Gramu Moja ya Chumvi

Kama ningeweza kulirudisha neno moja tu kinywani, ningerudisha ile "sawa" niliyomjibu Ignace barazani kwake Jumamosi moja, aliponiwekea kipimo chake mkononi na kusema, "Shika weye. Uko na diplôme, uko na lunettes za kusomeya. Miye niko na lulimi tu." Kilikuwa kipimo kipya, kinene kidogo kuliko kalamu, chenye vidole viwili vya chuma upande wa chini. Ukikichovya kwenye maji ya mboga kinakupa namba inayokuambia maji yale yamebeba chumvi za chakula kiasi gani. Binti yake Solange, anayefanya biashara kupitia Mokambo, ndiye aliyemletea kutoka upande wa Zambia. Nilipaswa kumwambia: hapana, mwana mama, kipimo kikae kwa mwenyewe, mimi nitakuja kukiazima. Nilisema sawa, nikakitia mfukoni mwa shati, nikatembea nacho mpaka kwangu nikijiona mtu mkubwa.

Ninawaandikia ninyi vijana wa hapa Lubumbashi mnaolima mboga kwenye maji bila udongo, katika mabeseni na mabomba nyuma ya nyumba zenu. Mnanisimamisha baada ya misa na kuniuliza namba. Saladi ngapi, Papa Anaclet? Nyanya ngapi? Namba nitawapa. Lakini nilipima maji maisha yangu yote, na nimechelewa kujua kwamba kusoma namba ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii.

Tulifanya kazi mimi na Ignace katika labo, maabara ya kiwanda cha shaba, meza moja, viti viwili. Mawe yaliyeyushwa kwa asidi, na sisi tuliwaambia wakubwa yale maji yamebeba nini. Aliyetufundisha ni Mzee Chrysostome, mtu mfupi aliyefunga koti lake jeupe mpaka kifungo cha shingoni hata wakati wa joto la mwezi wa kumi. Siku yangu ya kwanza alinipa chupa nipime. Nikapima. Akasema nipime tena. Mara ya tano nikamwambia, "Papa, inatoa ile ile tu."

"Minajua," akasema. "Ile ni mayi ya robinet, ya bomba tu. Nilitaka kuona utachoka saa ngapi."

Ndiye aliyetuzoesha jambo ambalo nanyi mlizoee: kabla ya kupima kitu usichokijua, pima kwanza kitu unachokijua. Asubuhi kipimo kichovye katika maji ya kulinganishia, yale yanayouzwa katika chupa ndogo yakiwa yameandikwa namba yake. Yangu yameandikwa moja nukta nne moja. Kipimo kikisema hivyo, nenda bustanini. Kikisema kingine, usiende popote.

Siku hizo tulivuta maji kwa mdomo, kwa mrija wa kioo, na ukizubaa unakunywa shaba. Ignace alizubaa kuliko sisi sote. Siku moja alirudi nyumbani na ulimi wa kijani, mkewe, Mungu amrehemu, akamweka barazani na kukataa kumpa bukari, ugali wetu, mpaka apone. Sijui kama ni kwa sababu ya kuzubaa kule au alizaliwa hivyo, lakini alikuwa na ulimi ambao sijauona kwa mtu mwingine. Unampa tone, analizungusha, anatema, anasema, "Hii iko na chokaa." Unapima, unakuta chokaa. Mzee Chrysostome alimkaripia kila siku kwa kuonja, na kila siku alimletea chupa aonje. Msimwige. Maji ya kiwandani si supu.

Nilikuwa na diploma ya serikali, yeye aliishia mwaka wa nne wa sekondari. Walipotafuta mkubwa wa meza yetu walimchagua yeye. Nilimkumbatia mbele ya wenzetu wote, nikacheka kwa sauti kuliko wengine. Nyumbani sikula. Mke wangu, Mama Véro, aliniuliza kama naumwa, nikasema kichwa.

Tulipostaafu ndipo tulipoanza mboga. Parcelle zetu, viwanja vya nyumbani, ni ndogo na udongo wake mwekundu umechoka, kwa hiyo tuliposikia kwamba mboga inaweza kuishi na mizizi ndani ya maji tulicheka, kisha tukajaribu. Tulikuwa wazee wawili tunaojua kuchanganya chumvi na maji, tulidhani hakuna la kutushinda.

Likatushinda la kwanza kabisa. Chakula cha mboga za maji huja katika vifurushi viwili kwa sababu. Mimi, mwenye diploma, nilimimina vyote viwili katika ndoo moja ndogo vikiwa bado vikali, nikakoroga. Maji yakageuka maziwa. Chini pakaganda unga mweupe mzito, nao ndio ulikuwa nusu ya chakula. Ignace aliinama juu ya ndoo akachungulia.

"Mwana mama," akasema, "sasa unatufunguliya kiwanda ya chaux?"

Kiwanda cha chokaa! Tulicheka mpaka Mama Véro akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Mwana mama ndivyo tulivyoitana, yaani mtoto wa mama yangu, jina la ndugu wa tumbo moja. Yeye ana mama yake wa upande wa Kongolo na mimi wangu, hatukuwa na udugu wowote. Alianza kuniita hivyo siku Mzee Chrysostome alipotufukuza labo kwa kucheka, na hakuniita Anaclet tena. Basi, ninyi jazeni beseni maji kwanza, mimina kifurushi cha kwanza, koroga, subiri, ndipo umimine cha pili. Visikutane kamwe kabla ya kuwa ndani ya maji mengi.

Kosa la pili lilikuwa la sote wawili. Tulisoma mahali kwamba saladi inataka moja na nne, tukatia chakula mpaka moja na nne, saladi ikakaa na rangi ya njano kama mgonjwa. Hatukuwa tumepima maji matupu. Maji ya forage, kile kisima kirefu cha mtaani kwetu, yana chokaa ya ardhi hii, na kabla hujatia chochote kipimo tayari kinasema nusu. Kipimo hakijui kutofautisha chokaa na chakula, kinahesabu vyote. Tulidhani tunalisha moja na nne, kumbe tulilisha chini ya moja. Aliyegundua ni Ignace, kwa ulimi. "Hii munyu iko ya udongo," akasema, "haiko ya kula." Tangu siku ile tulikinga maji ya mvua katika mapipa na kuyachanganya na ya forage. Pima maji matupu kila unapoanza upya, na uyaandike ukutani kwa chaki kama huna daftari.

Namba nilizowaahidi ni hizi. Mche mchanga wa saladi, nusu mpaka robo tatu. Ukishakomaa, moja na mbili mpaka moja na sita. Nyanya inakula zaidi, ipe mbili na kitu. Pima asubuhi, baada ya kukoroga, maana umeme ukikatika pampu inalala na chumvi inakaa chini. Na katika joto la mwezi wa tisa na wa kumi kumbuka kwamba mmea una kiu kuliko njaa. Unakunywa maji na kuacha chumvi, kwa hiyo namba inapanda yenyewe. Wakati huo ongeza maji matupu, usiongeze chakula. Kumbukeni hilo la joto, nitalirudia.

Saladi za Ignace zilikuwa nzuri kuliko zangu. Nimeliandika hilo kwa mkono wangu na mkono bado unasita. Mbegu zetu zilitoka pakiti moja, kipimo kilikuwa kimoja, kila Jumamosi nilikwenda kwake kupima, nikarudi kupima kwangu, namba zikalingana. Lakini yeye katikati ya wiki alionja maji, akaongeza kopo la maji hapa, akahamisha beseni kivulini pale. Mizizi yake ilikuwa myeupe na mirefu, ikianguka kama uzi wa kushonea. Yangu ilikuwa na rangi ya chai. Nilipokwenda kwake nilihesabu majani yake kwa siri. Nilifunika moja kwa kiganja kuona kama linazidi kiganja, na lilipozidi nilichukia kiganja changu. Mama Véro naye hakunisaidia. Nilimuuliza mezani, nikijifanya nauliza tu.

"Zako ziko na nguvu," akasema.

"Na za Ignace?"

"Za Ignace ziko tamu. Unataka niseme bongo, nikudanganye?"

Kisha masista wa parokia wakapanga jubilei ya sista wao mzee kuliko wote, na Masœur Hedwige wa jikoni akaja kutafuta saladi za meza zote za siku hiyo. Alianzia kwangu. Alikata jani, akatafuna, akasema, "Merci, Papa, iko bien." Nikamsindikiza kwa Ignace, maana si mbali. Pale pia alikata jani, akatafuna. Akakata jani la pili. Sitalisahau lile jani la pili. Akamwambia Ignace, "Papa, zote. Tutachukuwa zote, mwezi wa kumi."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi nilichovya kipimo katika maji ya kulinganishia na kikasema moja. Moja tu, pale penye moja nukta nne moja. Nilijua sababu mara moja. Jana yake nilikichovya katika ndoo ya chakula kikali, nikakiweka dirishani bila kukisuuza, na ukoko mweupe ulikuwa umeganda kwenye vile vidole vya chuma. Kipimo chenye ukoko kinasoma chini ya ukweli. Dawa yake naijua tangu labo: tumbukiza vidole vyake katika siki kwa dakika kumi, suuza, kausha, basi. Siki ilikuwa jikoni. Nilifika mpaka mlangoni pa jikoni.

Nilisimama pale nikafikiria jani la pili. Kisha nikarudi, nikakifunika kipimo na ukoko wake, nikakitia mfukoni.

Sikupanga kumharibia. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nawaandikia ili msije mkajiambia hivyo. Nilijiambia nitakisafisha baadaye, nione kwanza. Kwangu nilijua kosa lilivyo, nikaongeza hesabu kichwani kila niliposoma. Jumamosi nikaenda kwa Ignace, nikakichovya mbele yake. Maji yake yalikuwa sawasawa kabisa, moja na nne ya kweli, naye alikuwa ameyafikisha pale kwa ulimi. Kipimo kikasema moja.

"Moja," nikasema.

"Moja tu?" Akachovya kidole, akakilamba, akatema. "Lulimi yangu inasema iko ya kutosha."

"Kipimo inasema moja."

"Mwana mama, onja weye."

"Miye siko mubuzi. Miye napima."

Akacheka. Akanitazama, akatazama kipimo, na ulimi wake akauweka kando. "Basi," akasema, "weye njo uko na diplôme." Akatia chakula huku mimi nikishika kipimo ndani ya maji, akaongeza, akaongeza, mpaka kiliposema moja na nne. Pale maji yalikuwa yamefika mbili. Nilijua. Nilimwambia, "Simama hapo, iko muzuri."

Jumamosi nne tulifanya hivyo. Joto likaja, mimea ikanywa maji na kuacha chumvi, na kila nilipofika kipimo changu kichafu kilisema bado kidogo. Kwanza ncha za majani yake zikawa na rangi ya kahawia kama karatasi iliyokaribia moto. Kisha majani ya ndani yakajikunja. Ile mizizi myeupe ikageuka rangi ya chai, halafu rangi mbaya kuliko chai. Ignace alikaa kwenye kigoda mbele ya mabeseni na kusema, "Nimezeeka. Lulimi imekufa." Nilimshika bega nikasema ni joto. Masœur Hedwige alikuja, akaona, akasikitika naye sana, akaja kwangu. Zangu zilikuwa safi.

Siku tatu kabla ya jubilei Ignace alinijia asubuhi na chupa ya maji, maji meupe ya kawaida, imefungwa vizuri.

"Nipimiye hii," akasema.

"Ya wapi?"

"Ya kwangu. Pima tu."

Nikatoa kipimo, nikachovya. Moja na nne. Nikamwambia moja na nne. Akatikisa kichwa polepole, kama Mzee Chrysostome alivyofanya ukimletea jibu.

"Kipimo iko muzima?" akauliza.

Alinitazama usoni alipouliza. Nilikuwa na nafasi nzima ya kusema, hata kwa kudanganya, hata kusema ngoja niangalie, labda kina uchafu.

"Iko muzima," nikasema.

Akamimina yale maji chini, taratibu, mpaka tone la mwisho, akafunga chupa. "Merci, Monsieur Anaclet," akasema, akaenda. Nilidhani anatania. Nilisimama nikasubiri ageuke acheke.

Jubilei ilifanyika. Saladi zangu zilikaa kwenye meza zote, na mimi nilikaa karibu na meza ya masista. Masœur Hedwige akapita akaniambia ni nzuri, halafu akaongeza kwa upole, "Lakini za Papa Ignace, siku ile ya kwanza, mm." Nilikuwa nimeshinda na bado nilimwonea wivu mtu aliyekuwa na mabeseni matupu. Jioni ile niliingia jikoni, nikatia siki katika kikombe, nikasafisha kipimo. Dakika kumi. Kikasema moja nukta nne moja, na tangu siku ile hakijakosea.

Nilikirudisha kwa Ignace. Hakunyosha mkono. "Baki nayo," akasema, "weye njo unapima." Mvua zilipoanza alihamia kwa Solange, Kipushi. Solange alikuwa amemwita tangu mama yake afariki, na kila mara Ignace alikataa, akisema, "Jumamosi nitapima na nani?" Mara hii hakukataa.

Ni Solange aliyenieleza habari ya chupa, nilipokwenda Kipushi mara ya kwanza. Aliniambia akidhani najua, kama kichekesho cha wazee. Baba yake alikwenda kwa pharmacie ya mtaani, akawaomba wampimie gramu moja ya chumvi ya mezani kwenye mizani yao ya dawa, akaiyeyusha katika litre moja ya maji ya betri, ambayo hayana kitu ndani. "Walifikiri Papa amerukwa," Solange akasema akicheka. Sikucheka. Kila mtu aliyekaa meza yetu anajua gramu moja ya chumvi katika litre moja inatoa mbili, karibu kabisa. Andikeni hilo, litawasaidia siku chupa ya kulinganishia ikiisha. Ignace alijua ni mbili kabla hajabisha hodi kwangu. Nilipomwambia moja na nne, alijua kipimo ni kichafu, na ulimi wake ni mzima. Hilo halikuwa kubwa, vipimo huchafuka. Ndiyo maana akaniuliza swali la pili. Alikuja na chupa ile ili nipate mahali pa kusemea.

Mara ya tatu nilimwambia. Tulikuwa nyuma ya nyumba ya Solange, alikuwa na mabeseni mapya ya lengalenga, mchicha wetu, na ya saladi, bila kipimo chochote, na mizizi ilikuwa myeupe. Nikasema, "Nilijua. Tangu Ijumaa ile nilijua, nikanyamaza."

"Miye pia nilijua," akasema. Akachovya kidole, akalamba, akatema. "Mayi ya huku iko na chokaa kupita ya kwetu. Unaona?"

Hakunifukuza, na hajanifukuza hata leo. Nikienda ananipa kiti chenye mto, kile cha wageni, na Solange anatumwa dukani kuniletea chupa ya sucré, soda, na kuifungua mbele yangu. Zamani nilijichotea maji mwenyewe kwake, na nikikuta kapenta, wale dagaa, chunguni nilikula bila kuuliza. Ananiuliza habari za Mama Véro. Ananisindikiza mpaka barabarani penye gari. Anasema, "Safari njema, Monsieur Anaclet."

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha wageni akaingia jirani wa Ignace, mzee wa reli aliyestaafu, mtu ambaye hajui hata ndoo ya maziwa tuliyoicheka inahusu nini. Aliingia bila hodi, akachukua kikombe, akajichotea maji. Ignace hakuinuka. Akasema bila kugeuza kichwa, "Mwana mama, onja hii, uniambiye." Na yule mtu akachovya kidole.

Kipimo kiko hapa mezani ninapoandika, safi, kimekauka. Asubuhi hii kilisema moja nukta nne moja. Saladi zangu ni nzuri kuliko zote za mtaa huu, na hakuna wa kushindana nami. Nilikubali kushika kipimo cha mtu niliyemwonea wivu, na gharama yake ilikuwa yeye. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniita mwana mama, na sasa sina.